Kuegesha Gauni la Gwantwa

Kabla sijaeleza jinsi baba yangu alivyoliegesha gauni la dada mbele ya watu mia mbili na keki ya ngazi tatu, ni wajibu wangu kujitambulisha. Naitwa Ikupa Kibona, nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja, kwa kuwa mkuu wetu wa shule husoma kila kitu. Kipaji changu ni kimoja tu. Nikimwona mtu akitembea mara mbili, mara ya tatu naweza kutembea kama yeye.

Kipaji hiki kimeniponza. Matroni wetu huingia bwenini kwa hatua tatu fupi na moja ndefu, na funguo zake hulia kwenye ile ndefu. Jumamosi moja asubuhi nilijifunga funguo za makabati kiunoni, nikapita koridoni kwa mwendo huo. Wasichana arobaini walitandika vitanda kwa sekunde kumi, na mmoja akameza andazi zima bila kutafuna. Niliadhibiwa kufyeka majani nyuma ya bwalo kwa wiki nzima, na nilipokuwa nafyeka nikagundua kwamba hata fyekeo lina mdundo wake, na mwili ukiupata mdundo huo kazi inakwenda yenyewe. Hapo ndipo nilipofikia hitimisho kubwa la maisha yangu ya kitaaluma: watu wote wanacheza ngoma kutwa nzima, ila wengi hawajaambiwa.

Likizo ya Juni nikarudi nyumbani Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, nikiwa na daftari. Nilikaa kule mpakani nikawaangalia wanaobadilisha fedha, jinsi kifundo cha mkono kinavyopepesa noti mara moja, kama anayefukuza nzi kwa adabu. Niliwaangalia mawakala wa forodha wanavyotembea haraka na makaratasi kifuani, kisha wakifika dirishani wanageuka wapole kama bibi harusi. Nilimwangalia mama muuza ndizi akivuka barabara kati ya malori mawili, beseni kichwani halitikisiki, kiuno kikifanya hesabu zote. Wote niliwaandika. Nadharia yangu ilikuwa imesimama imara, isipokuwa mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anakula nami meza moja.

Baba yangu, Ambakisye Kibona, hachezi. Ni mzee wa kanisa, na kanisani kwaya ikiyumba kulia na kushoto, na waumini wote wakiyumba nayo, yeye husimama katikati yao kama nguzo ya umeme. Katika kila picha ya familia yetu amesimama kama anayepigwa picha ya pasipoti. Sababu yake inajulikana na ukoo mzima, kwa kuwa mashangazi wamehakikisha. Siku ya harusi yake, kule milimani Ileje, alicheza. Alicheza hatua nne. Hatua ya tano alikanyaga shela la mama, likachanika kuanzia kichwani hadi mgongoni kwa mlio ambao, kwa ushahidi wa mashangazi, ulisikika ng'ambo ya mto, Malawi. Tangu siku hiyo wanamwita Bwana Mkasi, na kila wanapokutana lazima mmoja aigize ule mlio. Miaka ishirini na sita imepita, baba hajainua hata kisigino.

Sasa dada yangu Gwantwa alikuwa anaolewa. Gwantwa ni muuguzi katika zahanati kule bondeni Momba, na huko ndiko alikokutana na Mayala, kijana wa familia ya wafugaji Wasukuma. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mchana, katika ukumbi wa kanisa. Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani kutoka kwa wazazi, Gwantwa akasema hataki friji wala kitanda. Anataka baba amwingize ukumbini akicheza.

Baba alitazama miguu yake kama anayetazama watoto waliowahi kumwaibisha.

"Nitakwenda mbali, baba," Gwantwa akasema. "Nikikukumbuka nataka nikukumbuke ukiwa unatembea. Sitaki kukumbuka picha ya pasipoti."

Baba akajibu kwamba tutaona. Nyumbani kwetu neno hilo maana yake ni hapana, ila limevaa suti. Kisha akauliza gauni lina mkia wa urefu gani, na Gwantwa, ambaye hajui kudanganya, akasema mita nne. Baba akatoka nje kukagua tairi za baiskeli ambayo haina matatizo.

Kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa familia, nilikabidhiwa kazi ya kumfundisha. Nilifungulia muziki sebuleni. Akakumbuka ana kikao. Nilimwambia ayumbe kidogo tu, kama mtu anayesubiri chai; akaniuliza maendeleo yangu ya hisabati. Ikabidi nifanye kama wataalamu wanavyofanya, yaani kumfuata mhusika katika mazingira yake.

Mazingira ya baba ni yadi ya malori. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanalala pale, na mengine yanayotoka Zambia yanapumzika pale, na nafasi ni ndogo kuliko malori. Kazi ya baba ni kuyapanga. Nilikuwa sijawahi kukaa nikamtazama, kwa sababu ni nani hukaa akamtazama baba yake akifanya kazi? Nikapanda juu ya rundo la tairi kuukuu, nikafungua daftari.

Liliingia lori la magurudumu ishirini na mawili. Baba akasimama mbele yake, mdogo kama kiberiti mbele ya kabati. Akainua kiganja. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, bila kugeuka kutazama, miguu ikikwepa madimbwi na mashimo ambayo macho hayakuyaona, kana kwamba visigino vina macho yake. Vidole vya mkono wa kulia vikawa vinaliita lori, taratibu, njoo, njoo, njoo. Mkono wa kushoto ukachora duara hewani, kata, kata yote, na bega likafuata mkono, na nyonga ikafuata bega. Trela lilipoanza kukunja, baba naye akakunja, akachuchumaa kidogo, akainuka lilipoinuka. Dereva hakuondoa macho kwake. Lori likaingia kati ya malori mawili, nafasi ya kupitisha sahani ikibaki kila upande, na baba akapita ubavuni akalipiga bodi kwa kiganja, pa, pa. Maana yake zima injini, umefika.

Nilisahau kuandika. Mtu aliyekataa kuyumba kama anayesubiri chai alikuwa amecheza dakika saba mfululizo na chuma cha tani thelathini.

Hapa ningekuwa na akili ningekwenda nyumbani kumwambia Gwantwa. Lakini mwili wangu una tabia zake. Siku ya pili nilirudi, nikapanda tairi zangu nyuma ya baba, nikajifunga kanga kifuani kama ile fulana ya njano anayovaa kazini, na lori lilipoingia nikaanza kufanya kila alichofanya yeye. Madereva waliokuwa wanakunywa chai kwa Mama Conjesta, mama lishe wa pale yadini, wakaacha vikombe. Mmoja akaanza kupiga makofi kwa mdundo. Baba hakujua, alidhani wanafurahia kitu kingine. Nikanogewa. Msanii akinogewa huongeza chake, na mimi nikaongeza duara moja zuri sana la mkono wa kushoto, ambalo baba hakulifanya.

Aliyekuwa kwenye usukani ni Watson, dereva wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye humwita baba mudala, kama Wazambia wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. Watson alikata kushoto. Trela likamfuata. Pipa la maji la Mama Conjesta likapigwa, likabonyea kama kikombe cha karatasi, na maji yote yakaenda zake barabarani. Watu walikuwa salama. Maharage yalikuwa salama pia, jambo ambalo Mama Conjesta alilitangaza mara tatu.

Watson alishuka ameshika kofia. Akaeleza kwa unyenyekevu kwamba aliona ba mudala wawili, wanaofanana kila kitu, akaamua kumfuata aliye juu.

Baba akageuka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado hewani.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitazama kanga yangu, akatazama mkono wangu, akawatazama wale madereva ambao walikuwa bado wanafuta machozi ya kucheka.

"Ndivyo ninavyoonekana?" akauliza.

Kama ningesema ndiyo, na ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu, hadithi hii ingeishia hapa. Nilisema samahani. Akasema amenisamehe, ila pipa jipya litakapofika nitalijaza mimi kila asubuhi, kwa ndoo, hadi likizo iishe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza vikao vya wiki, kwamba Gwantwa ataingizwa ukumbini na baba mdogo Yesaya.

Hilo halikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Kubwa nililiona kesho yake, pipa jipya lilipofika, nikiwa na ndoo kichwani. Baba alikuwa anapanga malori na mikono imebana mbavuni. Anainua kidole, anakishusha. Anasema kulia, anasema kushoto, kama anayeandikisha maelezo kituoni. Magari yaliyokuwa yanaingia kwa mara moja yakawa yanarudi nyuma mara tatu. Madereva wakamuuliza Mama Conjesta kama mudala anaumwa. Nilikuwa nimekwenda kumfundisha mtu kucheza, na nikamnyang'anya ngoma pekee aliyokuwa nayo.

Gwantwa hakulia mbele yangu. Alisema tu kwamba baba mdogo Yesaya ni mchezaji mzuri. Alisema akiwa anakunja taulo, na aliikunja taulo ile mara nne.

Jumamosi ikafika na jua zuri. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya zambarau, na kamati, kwa sababu ambazo hazijulikani hadi leo, ilikuwa imeweka meza ya keki katikati ya njia, karibu na nguzo. Ili kufika jukwaani bibi harusi alitakiwa kunyoosha, kukata kulia kati ya keki na nguzo, kisha kukata kushoto. Niliitazama ile njia, nikatazama mkia wa gauni la dada, na mtu yeyote aliyekulia Mpemba angeona nilichokiona. Ilikuwa yadi ya baba. Lilikuwa trela.

Upande wa kulia walikaa kina Mayala waliotoka Momba, na mbele yao bibi yake, Bibi Nyanzobe, mwenye macho makali na fimbo. Upande wa kushoto mashangazi wa Ileje, safu nzima, na nadhani kila mmoja alikuwa tayari na ule mlio wa shela mdomoni. Madereva watano walikuwa nyuma, Watson akiwa amevaa tai. Baba alikaa meza ya wazazi na mama, mikono magotini, pasipoti kamili.

Matarumbeta ya kanisa yakalia, mlango ukafunguliwa, na baba mdogo Yesaya akaingia. Haki itendeke: anacheza vizuri sana. Tatizo ni kwamba anacheza peke yake. Alipiga magoti, akazunguka, akafika jukwaani akitoka jasho, akageuka kupokea makofi, na Gwantwa alikuwa bado yuko kwenye nguzo. Kichwa cha msafara kilishakata kulia lakini mkia ulikuwa umezunguka nguzo upande wa pili. Mpambe wake, binamu yetu Mercy, aliyekuwa ameazima viatu virefu kupita uwezo wake, alivuta mkia, ukabana zaidi. Gwantwa akasimama. Tabasamu lake lilikuwa limeanza kutetemeka pembeni. Nikasikia shangazi mmoja akivuta pumzi kwa matumaini.

Nikaingia katikati ya njia. Sikuwa na mpango, nilikuwa na mikono. Nikasimama mbele ya dada, nikainua kiganja kama baba. Madereva kule nyuma wakakitambua mara moja, nikasikia mguno. Nikamwita Gwantwa kwa vidole, njoo, njoo, nikirudi kinyumenyume. Kisha, nikiwa na akili zangu zote, nikachora lile duara la kushoto. Kushoto kulikuwa na keki.

Dada yangu amenijua miaka kumi na saba na hajawahi kunitii. Nikamkonyeza. Akakata kushoto.

Gauni likaelekea kwenye keki. Mpishi wa keki akashika kichwa. Nami nikazidisha, kata, kata yote, na kwa pembe ya jicho namtazama mtu mmoja tu. Magoti ya baba yalikuwa yameanza kusogea. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo kutoka gotini, ukarudi. Nikachora duara jingine, baya kuliko la kwanza. Hakuna mpanga malori duniani anayeweza kukaa na kutazama ishara kama ile.

"Ikupa," baba akasema, amesimama tayari. "Trela halijanyooka. Unampeleka wapi?"

Akatoka mezani. Akanisogeza kando kwa mgongo wa mkono, kwa upole, kama anavyosogeza mbuzi yadini. Akamsimamisha Gwantwa kwa kiganja. Akaupima mkia kwa macho, akapima nguzo, akapima keki. Kisha vidole vyake vikaanza kuzungumza. Rudi. Rudi kidogo. Hapo. Na Gwantwa, na mita nne zake, akarudi nyuma hatua tatu, mkia ukajitoa kwenye nguzo. Sasa nyoosha. Sasa njoo.

Kiongozi wa matarumbeta ni mtu mwenye masikio. Aliwapunguza wenzake kasi, hatua kwa hatua, mpaka tarumbeta zikawa zinatembea na visigino vya baba. Naye akarudi kinyumenyume, hatazami nyuma, akakwepa mguu wa meza, akakwepa pochi ya shangazi. Mkono wa kushoto ukakata, bega likafuata, nyonga ikafuata. Alichuchumaa dada alipopita kati ya keki na nguzo, akainuka naye alipotoka. Watson akaachia kwa mdomo ule mlio wa breki za upepo, na madereva wote watano wakaitikia kwa honi za midomo. Ukumbi ukasimama. Mashangazi walikuwa wanatazama mkia wa gauni bila kupepesa, wakisubiri miaka ishirini na sita ijirudie, na mkia ukapita mbele yao mzima, umenyooka. Shangazi mkubwa, ambaye ndiye huigiza ule mlio vizuri zaidi, akafungua mdomo na kilichotoka kikawa kigelegele.

Bibi Nyanzobe alikuwa ameegemea fimbo yake, akimchunguza baba kama anayenunua ng'ombe. Akamgeukia Mayala, akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, yaani ya kusikika na wote:

"Sisi Wasukuma tunacheza na majembe. Hawa wakwe zako wanacheza na malori. Tutaelewana."

Baba akamfikisha Gwantwa kwenye kiti chake. Akamzungusha nusu, akamrudisha kinyumenyume hadi gauni likakaa, mkia ukajilaza mbele kama maji. Halafu akapita ubavuni na kuipiga meza kwa kiganja, pa, pa. Gwantwa akakaa. Alikuwa anacheka huku machozi yanaharibu kazi ya saa tatu ya mpambaji.

Hapo ndipo baba alipozinduka. Niliona kabisa, kama mtu anayeshtuka yuko darasani bila viatu. Akatazama watu mia mbili waliosimama. Mikono ikaanza kurudi mbavuni. Nikajua nikinyamaza safari hii sitajisamehe, hata nikijaza mapipa yote ya Tunduma.

"Ndivyo unavyoonekana, baba," nikamwambia. "Siku ile ulipouliza. Ndivyo hivi."

Sijui angejibu nini, kwa sababu mama alikuwa ameinuka. Mama yangu ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka yote ile mashangazi walipoigiza mlio wa shela lake yeye alikuwa anaendelea kumenya ndizi. Alipita katikati ya ukumbi na kitenge chake cha kijani, akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akasimama kule peke yake, ameweka mikono mbele kama ameshika usukani.

"Mimi nimekaa foleni tangu Ileje," akasema. "Nipange."

Baba akavua koti. Akalikunja, akanipa mimi nilishike, ambayo kwa baba yangu ni hotuba ndefu. Kisha akainua kiganja, vidole vikamwita mama, njoo, njoo, taratibu, na tarumbeta zikaanza upya. Mama akaja. Hakuja moja kwa moja. Alikata kulia ambako hakuambiwa, akakata kushoto ili afuatwe, na baba akamfuata, akicheka meno nje, miguu ikienda kila mahali. Alimkanyaga mara mbili. Hakuna kilichochanika.

Picha ya siku hiyo iko ukutani nyumbani. Baba haonekani vizuri kwa sababu alikuwa anatembea. Ni shati jeupe na mikono minne au mitano. Gwantwa ameomba nakala yake kwa ajili ya Momba.

Jumatatu asubuhi niliamka nikitegemea msamaha rasmi. Baba alinikuta bado niko mezani na chai, akasimama mlangoni, akachora duara kubwa kwa mkono wa kushoto, akaishia kwa kidole kimoja kilichoelekea yadini, kwenye pipa. Nikainuka, nikachukua ndoo. Alitangulia kinyumenyume hadi getini, akiniita kwa vidole.